Chatu Aliye Sandukuni



Mwenzetu mmoja hapa hosteli anafuga chatu. Sasa kakonda, mdomoni anatoka povu, chakula hagusi. Nasikia wengine wakisema: mwacheni afe, kwani nyoka si anaruhusiwa kuuawa hata ndani ya Haram? Ni kweli, hadithi ipo. Lakini Mtume (s.a.w.) huyohuyo aliamrisha kwamba tukiua, tuue kwa wema, na kumwua kiumbe kwa njaa ndani ya sanduku hakuna wema wowote. Yule mwanamke wa paka aliadhibiwa kwa sababu alimfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Ukishafunga mlango, tumbo la aliye ndani ni juu yako.

Wapo wanazuoni wanaokataza kumfuga nyoka, nami naona wana hoja. Hukumu hiyo ni ya mfugaji. Haimwondolei mgonjwa haki yake ya leo.

Basi awekewe maji safi na apate joto kwanza. Chatu mwenye baridi hasagi chakula. Ukimlazimisha panya, atamtapika. Kisha apelekwe kwa daktari wa mifugo, na akipona, kwenye kituo cha wanyamapori Entebbe. Nauli tuichange Ijumaa baada ya swala. Mkebe uko kwa mweka hazina.