Mtamba Mmoja, Siku Nne za Bahari

Mzazi ana haki ya kununua furaha kwa pesa za karo? Swali hili halikosi kwetu kila Desemba, na huku Chaka watu wengi wana jibu tayari. Pesa ina kazi zake: mbolea, mabati, shule. Ukisema umeenda Mombasa kupumzika, utaulizwa ni nini hasa kilichokuchosha.

Baba aliyajua hayo yote. Na bado, Desemba 2004, aliuza mtamba ambaye angezaa Machi, akatupakia basi sisi watoto wanne na mama, zaidi ya kilomita 600, hadi kwa shangazi Likoni.

Kila jioni tulivuka na feri (bure kwa anayetembea kwa miguu, jambo lililomfurahisha mzee kupita kiasi) tukatembea mpaka Lighthouse, pale Ras Serani kwenye barabara ya Mama Ngina. Mnara wenyewe si mkubwa. Mtu anayeamka akiuona Mlima Kenya hatishwi na mnara ule. Lakini tulikaa ukutani karibu na mibuyu, mihogo ya kukaanga mkononi, pilipili na ndimu zikituchoma midomo, na meli zikipita kuingia Kilindini karibu kiasi kwamba tuliwapungia mabaharia, nao wakatupungia. Mama alivua viatu. Sijawahi kumwona akikaa saa nzima bila kazi mkononi, si kabla ya hapo wala baadaye.

Januari karo haikuwepo. Mimi nilikuwa naingia darasa la nne, na shule ya msingi ilikuwa bila malipo tangu 2003, kwa hivyo hakuna aliyenigusa. Dadangu alikuwa kidato cha pili. Serikali ilianza kugharamia masomo ya sekondari za kutwa 2008, na yeye alikuwa amechelewa kuzaliwa, au tuseme amewahi mno. Muhula huo alirudishwa nyumbani mara mbili, jumla wiki tano. Bahari tuliiona sote, gharama ikamwangukia yeye.

Epicurus wa Ugiriki, akiwa anakufa kwa maumivu ya mawe, aliandika kwamba kukumbuka mazungumzo yake na rafiki kulimpa furaha ya kushindana na maumivu hayo. Namwamini, kwa sababu mama katika wiki zake za mwisho aliuliza zaidi ya mara moja kama ile mihogo bado inauzwa. Hakuuliza habari za ng'ombe hata mmoja.

Dadangu ndiye aliyekuwa akimwosha siku hizo, na alisikia. Nilipomwambia kwamba basi mzee alifanya vyema, alinijibu, "Nilifurahi kwa ajili ya mathe. Lakini mimi hakuna aliyeniuliza."

Tunasema akiba haiozi, na pia tunasema ponda mali kufa kwaja. Methali hizi hugombana tangu zamani, lakini zote mbili zinaongea kama kwamba anayetumia na anayekosa ni mtu yuleyule. Kwenye familia ni nadra iwe hivyo. Mimi naona baba hakukosea kuuza mtamba. Alikosea kuuza wiki tano za mtu mwingine bila kumwita mezani, na umri wa miaka 15 unatosha kabisa kuitwa mezani. Labda angekubali. Labda angesema twende sikukuu nyingine, na mama angengoja, na sijui kama angeweza.

Mwaka huu tunapanga kwenda tena, kwa treni ya SGR. Pale Lighthouse pamekarabatiwa, pakafunguliwa upya 2019, lakini nasikia meli bado zinapita palepale. Dadangu ameweka sharti moja kwenye grupu ya familia: karo ya wajukuu wote ilipwe kwanza, na risiti zionekane.

Baba alituma ujumbe wa sauti. "Sasa bahari inaombewa risiti?"

"Ndiyo, baba," dadangu akaandika.

Hadi jana usiku risiti zilikuwa mbili kati ya tano.