Tiki Bila Kusoma

Asubuhi hiyo tulikuwa kama arobaini kwenye geti la kiwanda fulani kando ya barabara ya Lunga Lunga, tukitafuta kibarua. Kawaida wanakuangalia mabega tu. Siku hiyo walitupa karatasi: maswali 120 kwa Kiingereza, Kweli au Si Kweli. Mimi hukasirika haraka. Mimi ni mtu mtulivu. Jamaa mmoja wa Mukuru akaninong'oneza, "Buda, weka tiki tu. Hakuna mtu husoma hizi vitu." Kuanzia swali la 30 sikusoma tena.

Sikuitwa.

Baadaye niligundua kwamba kuna wanaosoma. MMPI-2, mtihani wa kupima hulka uliotolewa Marekani mwaka 1989, una maswali 567, na ndani yake kuna jozi za maswali ambayo majibu yake yanapaswa kukubaliana. Kujipinga mara moja au mbili ni ubinadamu. Lakini anayejibu kama anayerusha shilingi atajipinga katika jozi nyingi zaidi, na hapo hesabu inamshika.

Sasa, nilidanganya? Nilijitetea kwamba hapana. Mwongo anaujua ukweli na anauficha. Mimi hata sikuutazama. Tena, nina deni gani la ukweli kwa mtu anayetaka kujua roho yangu ili nimbebee katoni kwa siku moja? Hata leo naona utetezi huo una uzito.

Shida ni mama aliyekuwa ameketi upande wangu wa kushoto. Yeye alisoma kila swali, kidole kikifuata maneno. Mara tatu aliniuliza, "Kijana wangu, hapa wanasema nini?" Mara tatu nilimjibu bila kuangalia: "Weka Si Kweli, mathe."

Mtihani ule hauwezi kumtenganisha anayedharau swali na asiyelielewa. Kwenye karatasi, wote wawili wanajipinga sawasawa. Mimi nilichagua kutojulikana. Yeye alitaka kujulikana, akaniamini nimsomee, nami nikamgawia dharau yangu kama jibu.

Kwa hiyo sijutii tiki zangu. Karatasi ilikuwa yangu, na hasara ilikuwa yangu. Zile tatu za mathe ndizo huniamsha usiku, kwa sababu hakuna hesabu itakayoonyesha kwamba mkono ulikuwa wake lakini uzembe ulikuwa wangu.