Kuwa Mbali Si Kuacha

Sisi wa Hewa Bora hapa Lubumbashi hatuna mto wa kupita meli. Lakini mwaka 1918 reli ya kutoka mji wetu ilifika Bukama, na huko abiria alishuka katika treni, akapanda meli ya moshi ya mto Lualaba mpaka Kabalo na Kongolo, safari ya kilometa 640 hivi. Aliyetaka kwenda Kalemie alipanda treni nyingine huko Kabalo. Mwaka 1956 reli ya kutoka Kamina ilifika Kabalo, na tangu hapo abiria wengi wakauacha mto.

Abiria alikaa mtoni siku chache tu, kisha akashuka. Mfanyakazi wa meli alibaki. Mmoja alichochea moto, wengine walipakia kuni kila meli ilipotua. Na mbele kabisa alisimama mtu mwenye upondo, akiuchovya majini na kutangaza kina. Maana Lualaba ina mafungu ya mchanga yanayohamahama, na katika ziwa Kisale mafunjo huziba njia. Nahodha alilitegemea neno la mtu yule.

Basi tuulize: mtu aishiye hivyo, mbali na mke na watoto wake, je, angali baba wa nyumba? Wako wasemao: baba ni kuwapo, asiyekuwapo si baba. Na wako wasemao: baba ni chakula; apelekaye fedha amemaliza deni lake.

Neno la kwanza si haki. Aliyekwenda kuwatafutia watoto unga hakuwatoroka. Kumwita mtoro ni kumdhulumu, tena ni kuwafundisha watoto kumdharau.

Neno la pili nalo halitoshi. Fedha hununua unga, lakini haimwonyi mtoto mkaidi, wala haimtulizi mama anayekesha na mgonjwa. Tena mtu wa safari ana jaribu lake. Kwenye kila kituo cha meli hakuna ajuaye mkewe. Hana mjomba wa kumkemea wala jirani wa kumtazama. Moyo wake humwambia: Nani ataniona? Hivyo wengine hujenga nyumba ya pili, na mshahara mmoja hugawanyika.

Sasa tumtazame yule mwenye upondo. Abiria wanasinzia kwa joto, hakuna amwangaliaye. Angeweza kutangaza kina bila kupima. Mbona hafanyi hivyo? Kwa sababu mchanga haungoji: akidanganya sasa, meli hukwama sasa. Nyumba haifanyi hivyo. Nyumba humngojea mwongo mwaka wa kwanza, wa pili, hata wa kumi. Kisha siku moja anarudi na sanduku lake, na watoto wanamwamkia kama mgeni. Amekwama, wala hakusikia mshindo.

Ndiyo maana uaminifu wa nyumbani ni mgumu kuliko ule wa kazini. Kazini kosa huadhibiwa upesi. Nyumbani huadhibiwa polepole. Mtu mwenye akili hangoji adhabu ndipo ajue kina cha maji.

Siku hizi waume wetu huendesha malori ya Kasumbalesa, au hukaa Kolwezi kwenye migodi. Swali ni lile lile. Simu wanazo; basi wasipige kwa kutaja fedha tu. Waulize: mtoto amesoma nini? Nani ni mgonjwa? Huko ndiko kupima. Na mama aliyebaki asimtaje baba mbele ya watoto kwa lawama tu. Naye bwana wa kazi akumbuke kwamba likizo anayomnyima mfanyakazi anawanyima watoto pia.

Wazee wa pwani husema: Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kazi yaweza kumpeleka mtu mbali bila yeye kupenda. Lakini kuiacha nyumba hakuletwi na umbali. Mtu huamua mwenyewe, kidogo kidogo, siku kwa siku. Na kwa njia hiyo hiyo, kidogo kidogo, huamua kubaki baba.