Kumpima Mtoto katika Maarifa ya Jamii

Muhula unapokwisha, mwalimu wa Maarifa ya Jamii katika shule ya msingi hutakiwa aandike, kwa tarakimu moja na maneno mawili matatu ndani ya fomu ya maendeleo, kadiri mtoto wa darasa la sita alivyopevuka katika kuwafahamu wanadamu, habari zao za kale na haki zao. Kazi hii katika hesabu haina tashwishi kubwa. Lakini mtoto anayekumbuka kwamba Vita vya Majimaji vilianza mwaka 1905, na kwamba Kinjekitile Ngwale, mganga wa Ngarambe, alinyongwa mwaka uo huo, hajatuambia bado kama anatambua kwa nini watu wenye akili timamu walisadiki kuwa dawa ya maji ingewakinga na risasi, wala kama anawacheka kwa itikadi hiyo au anawahurumia.

Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alipolalamika kuwa mitihani hupima kumbukumbu ikaacha tabia na moyo wa kutumikia. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 kuhusu elimu, tathmini ya mfululizo ikaingia katika shule za sekondari mwaka 1976, na tabia nayo ikapewa fungu lake la alama. Nia ilikuwa njema, nami siibezi. Walakini wema ukishapewa alama, mtoto mwerevu hujifunza upesi kuuonyesha pale mwalimu anapotazama, na hiyo ndiyo riya, maradhi ambayo wanazuoni wetu wameyahofia kuliko ujinga. Mwanahistoria Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, alikwisha kuonya kwamba mwanafunzi alelewaye kwa ukali huzoea uongo na hila. Nadhani jicho lisilofumba humfikisha huko huko bila ya fimbo. Na yaliyomo moyoni yana Mjuzi wake, ambaye katika Sura ya Al-Hujurat ametukataza kupelelezana.

Basi mwalimu apime nini, ikiwa kumbukumbu haitoshi na moyo si milki yake? Iko hoja, ambayo mtoto huitoa nje kwa hiari na kuiweka juu ya karatasi. Katika Majimaji hayo hayo, Wamatumbi waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Kila mtoto atawatetea, na ana haki. Mwambie sasa aandike maneno ambayo akida wa serikali ya Wajerumani aliyeisimamia pamba ile angeyasema kujitetea, pasipo kumfanya mpumbavu wala shetani, kisha ayajibu. Atakayeweza kumpa hasimu wake maneno yenye nguvu kabla ya kumhukumu amepata insafu, na insafu hiyo husomeka katika sentensi zake, hata kama nyumbani ni mtundu.

Mwalimu mwenye watoto themanini darasani atanicheka, na acheke. Kusahihisha insha themanini si mchezo, wala sisemi ifanyike kila juma. Swali moja kwa muhula litampa cha kuandika badala ya lile «aongeze bidii» ambalo halijamfaa mtu. Aandike: «Amemsikiliza akida, kisha akamjibu.» Mzazi aliyezoea kuuliza mtoto wake amekuwa wa ngapi atauliza akida huyo ni nani, na mtoto itambidi amweleze.