Moshi wa Mume na Kifua cha Mke

Ndugu zetu Waislamu, iko dhulma moja iliyoenea majumbani mwetu, nayo haihesabiwi kuwa ni dhulma kwa sababu haina kelele wala haiachi alama usoni. Dhulma hiyo ni moshi wa sigara.

Sisi tukaao mitaa ya Eastlands hapa Nairobi, toka Pumwani na Majengo hata Kaloleni na Eastleigh, twaijua vyema hali yenyewe. Chumba ni kimoja, na ndimo walalamo mume, mke na watoto. Mume hurudi kazini usiku, akaketi kitandani akawasha sigara, na dirisha limefungwa kwa baridi. Mke hakuvuta hata moja umri wake wote, na mchana kutwa ameinamia jiko la makaa. Akikohoa huambiwa kuwa ni baridi ya kifua. Nanyi ndugu zetu wa Mombasa na Lamu msidhani kuwa mmesalimika, kwani chumba chenye moshi ni kile kile popote kilipo.

Uchunguzi uliofanywa Kenya mwaka 2014 ulionyesha kuwa katika kila wanaume 100 waliotimia miaka 15, wapatao 15 walikuwa wakivuta tumbaku. Wanawake hawakutimia hata 1. Huenda mtu akasema: basi haya ni mambo ya wanaume. La! Moshi hauulizi ni nani aliyeuwasha. Mwaka 1981 mtaalamu wa Kijapani, Takeshi Hirayama, alitangaza khabari za wake zaidi ya 90,000 wasiovuta, waliofuatiwa kwa miaka 14. Wale ambao waume zao walivuta sana walipatwa na saratani ya mapafu zaidi kuliko wale ambao waume zao hawakuvuta.

Na mwanamke akivuta mwenyewe je? Serikali iliipiga marufuku shisha mwaka 2017, na bado twasikia wasichana wetu wakiizunguka. Desturi yetu ni kumkemea msichana kwa aibu, na ndugu yake wa kiume tukamwachia afanye apendavyo. Hapo tumekosea mara mbili, kwani mapafu hayajui aibu, yajua moshi tu. Njia za pumzi za mwanamke ni nyembamba kuliko za mwanamume, hata mapafu yao yakiwa ya ukubwa mmoja. Kwa hivyo moshi ule ule humdhuru zaidi. Matabibu wameona wanawake wengi wakipatwa na maradhi ya kuziba njia za hewa wakiwa na umri mdogo zaidi, na baada ya kuvuta kidogo kuliko wanaume. Huko Marekani, mwaka 2000, wanawake waliokufa kwa maradhi hayo waliwazidi wanaume kwa mara ya kwanza.

Lakini Mwenyezi Mungu hakuufunga mlango. Katika Marekani na Kanada walichunguzwa wavutaji karibu 5,900 ambao mapafu yao yalikwisha anza kuharibika. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2003 yalionyesha kuwa wanawake walioacha, katika mwaka wa kwanza, mapafu yao yalipata nafuu mara mbili na nusu kuliko ya wanaume walioacha. Basi adhurikaye zaidi kwa kuvuta ndiye afaidikaye zaidi kwa kuacha.

Dini yetu imemkataza mtu kujiangamiza, ikamkataza na kumdhuru mwenziwe. Avutaye chumbani mwake ameyakusanya makosa yote mawili. Sheria ya tumbaku ya mwaka 2007 yakataza kuvuta mahali pa watu wote, lakini askari hasimami mlangoni mwa chumba cha mtu. Hapo hakuna mlinzi ila khofu ya Mungu.

Basi twawausia wenzetu, na nafsi zetu kwanza: aliyezoea na aazimie kuacha, na kabla hajaweza, atoke nje, asivute walipo mkewe na wanawe. Tusimtume mtoto dukani kununua sigara. Na mke akohoapo wiki mbili, tusimpe tangawizi tukanyamaza. Tumpeleke kwa tabibu. Mke ni amana mikononi mwetu, na pumzi zake ni katika amana hiyo, nasi tutaulizwa.

Wassalaam.