Kabla ya kuongeza vyumba, gaweni mirathi

 

Ndugu Waislamu, katika darsa zangu hapa Kibirizi huulizwa mara kwa mara kuhusu nyumba za urithi. Mzee amefariki, ameacha nyumba ya matofali mabichi na ua wake. Kijana wake mmoja anapata fedha za dagaa, anavunja jiko la uani na kujenga vyumba viwili vya kisasa, choo ndani, vigae chini, bati la rangi juu. Majirani wanamsifu. Lakini je, ua huo ni wa nani?

Jibu limo katika Surat An-Nisaa, aya ya 7, 11 na 12. Yakishatolewa madeni, gharama za maziko na wasia usiozidi theluthi, kinachobaki ni haki ya warithi wote kwa mafungu yao. Tuseme marehemu kaacha mjane, watoto wa kiume wawili na wa kike wawili, na nyumba yenye thamani ya shilingi milioni 24. Mjane ana thumuni, yaani milioni 3. Kila mtoto wa kiume ana milioni 7, na kila binti milioni 3 na nusu. Kijana akijenga vyumba vya milioni 10, hajapunguza hata senti moja katika haki ya dada zake.

Wapo wasemao: "Mama yu hai, tutagawanaje?" Mama naye ni mrithi. Uhai wake hauzuii haki ya wengine, na kugawa si kumfukuza. Wengine husema: "Sisi ni damu moja." Ni kweli, lakini siku mjenzi atakapofariki, watoto wake watamwambia shangazi yao aliyeolewa Ujiji kwamba hana chake hapa, baba yao ndiye aliyejenga!

Mtume (S.A.W.) ameonya kuwa mwenye kudhulumu ardhi, japo kiasi cha shubiri, atavishwa shingoni Siku ya Kiyama (Bukhari na Muslim). Onyo hilo halikumtoa kaka.

Hivyo basi, anayetaka kujenga aitishe kikao cha warithi kwanza. Nyumba ithaminiwe, kisha anunue mafungu ya wenzake kwa ridhaa yao, au waandikiane mbele ya mashahidi nani katoa nini. Aliyeko Kalemie au Dar es Salaam asisahaulike. Fungu la yatima lisisamehewe kwa niaba yake. Msimamizi wa mirathi athibitishwe Mahakama ya Mwanzo, ili karatasi ibaki watu wakiondoka.

Kupanua nyumba ya wazee ni jambo jema. Tusiipanue kwa kubana haki za mabinti zao.

Wallahu a'lam.