Mwongo Tuliyemlipia Kiingilio

Nikiwa darasa la nne, mtu wa mazingaombwe alikuja shuleni kwetu. Kiingilio shilingi hamsini. Alichukua karatasi tupu, akaikunja, akaipulizia, ikawa noti. Tukapiga kelele. Mwenzetu mmoja wa nyuma akauliza: "Anko, sasa mbona unatutoza hamsini?" Jamaa akacheka kuliko sisi wote. "Ningekuwa naweza kweli, ningekuja hapa kwa mguu?"

Miaka michache baadaye, mama alikutana stendi na mtu aliyejua mchezo huohuo. Akampa pesa yangu ya ada "aizalishe". Alirudi nyumbani na bahasha iliyojaa vipande vya gazeti.

Karatasi ni ileile, wepesi wa mkono ni uleule. Kwa nini mmoja nampenda mpaka leo na mwingine siwezi kumsamehe? Jibu la haraka ni hela, lakini hata yule wa shuleni alichukua hela yetu.

Swali hili lilinirudia niliposoma habari za Chung Ling Soo, mmoja wa wanamazingaombwe waliotamba katika kumbi za burudani za Uingereza mwanzoni mwa karne iliyopita. Alivaa joho la Kichina na kuachia msuko mrefu mgongoni. Jukwaani hakusema Kiingereza, na waandishi wa habari alizungumza nao kupitia mkalimani. Kumbe alikuwa Mmarekani, William Ellsworth Robinson, mzaliwa wa New York mwaka 1861.

Sura ile aliiga kwa Mchina halisi, Ching Ling Foo, aliyefika Marekani mwaka 1898 na kuwaacha watu midomo wazi kwa kuibua bakuli kubwa la maji chini ya kitambaa. Mwaka 1905 wote wawili walikuwa London. Foo akamkabili mwigaji wake hadharani, lakini aliyebaki aking'ara kwenye kumbi za Uingereza ni yule wa bandia.

Mchezo wake mkubwa ulikuwa kudaka risasi. Bunduki zilichezewa ili moto uende kwenye mtutu wa pili uliofichwa, na risasi ibaki palepale ilipo. Usiku wa tarehe 23 Machi 1918, katika ukumbi wa Wood Green Empire, London, moto ulipenya kwenye bunduki iliyochakaa ukaifikia baruti iliyo nyuma ya risasi. Ikampiga kifuani. Ndipo watazamaji wakamsikia "Mchina" wao akiomba kwa Kiingereza pazia lishushwe. Alifariki siku iliyofuata.

Kuna watakaosema: joho na jina ni sehemu ya maonyesho, tatizo liko wapi? Nakubali nusu. Mwigizaji akivaa taji hatumwiti mwongo, maana anajua tunajua, na pazia likishuka anarudi kuwa yeye. Robinson hakuruhusu pazia lishuke. Mkalimani alikaa naye mpaka kwenye mahojiano. Pale mchezo ulishatoka jukwaani ukaingia mtaani.

Harry Houdini aliuona mpaka huo vizuri. Alijua mbinu zote za kufungua pingu na kupoteza vitu, lakini miaka ya 1920 alizunguka akiwaumbua waliojidai kuongea na wafu na kuwatoza pesa waliofiwa. Mwaka 1926 alikwenda Bunge la Marekani kuunga mkono muswada dhidi ya wapiga ramli wa kulipwa. Hakuuchukia uongo uliojitangaza kuwa ni mchezo. Alichukia ule unaoapa kuwa ni kweli mbele ya mtu mwenye msiba.

Mimi kama mwandishi kinachoniuma zaidi ni wale wenzangu waliokaa mbele ya mkalimani na kuandika walichoambiwa. Wengi katika fani ya mazingaombwe walijua ukweli. Lakini Mchina wa bandia alikuwa habari tamu, na habari tamu nani huichunguza? Nimewahi kuandika za namna hiyo, najua ladha yake.

Nilimsimulia mama kisa hiki. Yeye mazingaombwe yakionyeshwa kwenye runinga huhamisha chaneli. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na yule Mchina wa kweli aliambulia nini?"

Nadhani kipimo ndicho hicho. Ukweli ukifichuka, aliyedanganywa atacheka au atahesabu hasara? Sisi wa darasa la nne tulicheka, tena siri tuliambiwa mlangoni kabisa kwamba hakuna noti inayozaliwa. Mama alihesabu hasara. Foo naye, nadhani, alihesabu.

Bado namhusudu Robinson. Mkono wake ulikuwa wa ajabu, na kusimama mbele ya bunduki usiku baada ya usiku kunataka moyo. Ila nikimsifu, nitamsifu kwa jina lake. Na sifa ya lile bakuli la maji nitamrudishia mwenyewe.